Neno Lililokosa Mwenyewe

Miaka ile zamu yangu ya kufua ilikuwa Jumanne mchana, na nadhani ndiyo saa pekee katika wiki nzima niliyokaa kitako bila mtu kunitaka chochote. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo letu la Tensta. Hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na mashine za kufulia, kabati refu la kukaushia linalopuliza hewa ya moto, na ukutani ubao ambapo kila nyumba iliweka kufuli yake ndogo kwenye saa iliyoitaka. Juu ya ubao majirani walibandika vikaratasi vya Kiswidi, adabu juu, hasira chini: kuna mtu hakusafisha chujio, kuna mtu ameacha nywele sakafuni, kuna mtu amepitisha saa yake. Nilivisoma vyote. Sehemu kubwa ya Kiswidi changu niliipata hapo, kwa kugombezwa na karatasi.

Nilikuwa nimechoka hoi. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia sababu nyingine. Kila asubuhi nilikwenda Hallonbergen kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavisha zile soksi za kubana miguu, na kuwapa vidonge kutoka kwenye kiboksi ambacho sikuruhusiwa kukijaza. Kukijaza ilikuwa kazi ya muuguzi. Na mimi nilikuwa muuguzi, Bujumbura, wodi ya watoto, miaka mingi. Madaktari vijana walikuwa wakiniita niwatafutie mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyekaukiwa maji, na niliupata. Huku Uswidi ofisi moja iliyatazama makaratasi yangu ikaniambia, kwa tabasamu zuri kabisa, nianze chuo upya. Kiswidi changu kingetosha. Kilichokosekana kilikuwa Kiingereza.

Nilikasirika sana. Kifaransa nilikisoma kwa viboko, Kiswahili nilizaliwa nacho mtaani na kukikamilisha kambini Kigoma, Kiswidi nimekieleza. Sasa, ili nimchome sindano mzee wa Kiswidi, nilitakiwa nijue lugha ambayo si yangu wala si yake. Niliwaambia hivyo watu wote walionisalimia wiki ile, halafu nikajiandikisha.

Mara ya kwanza nilianguka. Shule ya watu wazima ilikuwa na mtihani ambao mtu angeweza kuufanya bila kuhudhuria darasa, na kwa kiburi changu niliona kwamba mwenye Kifaransa atabahatisha. Niliandika insha ya mgonjwa aliyeanguka njiani. Nikaandika, bila wasiwasi hata kidogo, kwamba amepoteza “conscience”. Kwa Kifaransa neno hilo linabeba mizigo yote miwili, fahamu na dhamiri. Kwa Kiingereza mtu mwenye fahamu ni “conscious”, na “conscience” ni ile sauti ya ndani inayomkataza mtu kuiba. Kwa hiyo mgonjwa wangu alianguka njiani akapoteza dhamiri, na katika aya iliyofuata nilimwekea oksijeni mpaka ikamrudia.

Aliyenicheka mpaka akakalia kapu la nguo ni mwanamke mmoja Mkenya aliyekaa upande wa pili wa jengo letu, kwenye ngazi ya jirani. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huku alisafisha ofisi mjini tangu alfajiri, na ikifika mchana alikuwa na usingizi na ukali kwa kipimo kimoja. Tulikutana hapo chini kwa kuwa zamu yake ilifuata yangu na alikuwa na tabia ya kuwahi.

“Wacha nikuambie, mama,” akasema alipomaliza kucheka. “Wewe Kiingereza unajua. Kinachokuangusha ni haya maneno yanayofanana. Unayaona kama mapacha, unaita yeyote.”

Nikamwambia basi anifundishe. Akasema hafundishi mtu mmoja, inamchosha, nilete wengine. Ndivyo darasa lilivyoanza. Nilimleta msusi mmoja Mkongomani aliyekuwa akifanyia kazi sebuleni kwake, na mawifi wawili kutoka Rwanda tuliosali nao kanisa moja. Wote walikuwa na sababu zao za kukitaka Kiingereza, ila hakuna aliyekuwa na tarehe ya mtihani kichwani isipokuwa mimi.

Njia yake ya kufundisha sijaiona kwingine. Shuleni kwao vitabu vilikuwa vichache kuliko watoto, kwa hiyo kila mtoto aligawiwa neno na kulibeba mpaka muhula uishe. Ukisahau maana yake, humuulizi mwalimu. Unamtafuta mwenye neno. Maneno yanayofanana walipewa watu wawili wanaokaa bega kwa bega, ili darasa zima lizoee kuwatofautisha. “Sura za watu huwezi kuzichanganya,” alisema. “Basi weka neno kwenye sura.”

Kwa hiyo akatugawia. Mimi nikawa “vein”, mshipa wa damu, kwa heshima ya kazi yangu ya zamani. Pembeni yangu msusi akapewa “vain”, mtu wa kujiona. Alikuwa mwanamke mrefu, mzuri, na mwenye habari kamili kuhusu uzuri wake. Tukangoja anune. Aliuliza maana, akaelezwa, akajitazama kwenye kioo cha mlango wa mashine.

“Bon,” akasema. “Mutu mwenye iko na kitu ya kuonesha, ajione tu. Minakamata.”

Haikuwa rahisi hivyo kwa wote. Mawifi waligawiwa “desert” na “dessert”, jangwa na kile kitamu cha baada ya chakula, na aliyepewa jangwa akainama, akaanza kukusanya nguo zake zikiwa bado mbichi. Mwalimu hakujua. Sisi wa kanisani tulijua kwamba mama yule alikuwa ameolewa zamani na hajapata mtoto. Wifi yake alimnyang'anya neno palepale. “Nipe mimi hilo,” akasema, “kwangu watoto wanamaliza mpaka sukari ya akiba, jangwa ni nyumba yangu.” Yule mwingine akawa kitamu, na Jumanne iliyofuata alituletea keki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maneno haya tunayabeba kweli, na kwamba mwalimu alikuwa anacheza na kitu kizito bila kujua.

Kwa desturi sisi huitana kwa watoto wetu, Mama fulani na Mama fulani. Taratibu majina hayo yakaachwa huko chini. Nilikuwa Mama Vein. Kuna siku msusi aliniita hivyo kutoka upande wa pili wa barabara, mbele ya kituo cha treni, na binti yangu aliyekuwa na mimi akatembea haraka kama vile hatufahamiani. Binti huyo Kiingereza alikuwa nacho chote, kakipata bure kwenye televisheni. Nikimwomba anisaidie alinijibu kwa Kiswidi kwamba hayo mambo ni rahisi, halafu akarudi kwenye simu yake.

Bibi hatukumwalika. Alikuja mwenyewe.

Alikuwa mama wa jirani yetu wa ghorofa ya nne, Mrundi kama mimi. Binti yake alifanya kazi kwenye tanuri la mikate Tumba, kule mwisho mwingine wa jiji, anatoka giza na kurudi jioni. Wajukuu walimjibu bibi yao kwa Kiswidi, naye aliwasemesha Kirundi, na kila upande uliamini kwamba mwingine ndiye kiziwi. Mchana kutwa hakuwa na mtu wa kupiga naye soga. Basi aligundua chumba cha kufulia. Alishuka na taulo moja ndani ya ndoo, akaitia kwenye mashine ya mtu bila kuomba, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo. Tulijua pia kwamba alikuwa akihamisha kufuli za majirani kwenye ubao, na kwamba vikaratasi vingi vya hasira vilimhusu. Hakuvijali kwa kuwa hakuvielewa.

Siku yake ya kwanza mwalimu alikuwa anaeleza “emigrant” na “immigrant”, anayetoka kwao na anayeingia kwa watu. Bibi alisikiliza, akasafisha koo.

“Mimi nimetoka na nimeingia na mwili huuhuu mmoja,” akasema. “Kule katikati, kwenye ndege, nilikuwa nani?”

“Abiria,” mwalimu akamjibu.

Bibi alicheka hadi akatoa leso. Tangu siku hiyo walipendana, yaani waligombana kila wiki.

Maneno yaliendelea kugawiwa, majira ya baridi yakaingia, nami nilikuwa naamka gizani na kurudi gizani. Nikiwa kwenye treni ya chini ya ardhi nilifumba macho na kuzipanga sura: huyu maana yake hili, yule maana yake lile. Kuna siku nilipitiliza kituo changu nikazinduka mwisho wa reli. Nilikuwa nimebakiza mtihani wa mwisho kabla ya maombi ya chuo kufungwa majira ya kuchipua. Nikianguka tena, au nikiukosa, ilikuwa mwaka mwingine mzima wa kuvisha watu soksi na kuangalia kiboksi cha vidonge kikijazwa na msichana aliyemaliza masomo juzi. Umri wangu ulikuwa unakwenda. Sikuwa na miaka ya kuchezea.

Basi Jumanne moja mwalimu aliandika kwenye ubavu wa boksi la sabuni maneno mawili: “dyeing” na “dying”. Tofauti ya herufi moja. La kwanza ni kutia rangi, iwe nguo, iwe nywele. Msusi alilidaka hata kabla maelezo hayajaisha, akisema ndilo linalomlipia kodi ya nyumba. La pili mwalimu alilitaja maana yake kwa sauti ya chini: kufa.

“Nani anabeba?” akauliza.

Wifi mmoja alisema tayari ana jangwa, linamtosha. Mwenzake alitikisa kichwa tu. Msusi, ambaye kwa haki ya kukaa pembeni angeweza kuongezewa, alinyanyua mikono. “Non, mwalimu. Kufwa siwezi ipandisha mu nyumba yangu. Jamais.”

Nami nilikataa. Sisi ni watu wa kanisa, tunasema hatuogopi mambo ya majina, lakini hakuna aliyetaka kuitwa hivyo ngazini. Mimi zaidi ya hapo nilikuwa na sababu yangu. Kifo nilikuwa nakikuta kazini. Kuna asubuhi nilifungua mlango kwa ufunguo wa ofisi nikajua kabla sijavua viatu. Sikutaka kupanda nacho lifti kurudi kwangu.

Mwalimu alikasirika. Alisema neno lisilo na mtu ndilo litakalotuangusha, kwamba pacha mmoja akiachwa nje huyu mwingine naye atapotea. Alipiga boksi la sabuni kwa kikombe cha kupimia.

“Lete hapa,” akasema Bibi.

Tukageuka. Alikuwa kwenye kiti chake, ndoo miguuni, anatazama kabati la kukaushia.

“Bibi, wewe huna mtihani wowote,” nikamwambia.

“Ndiyo sababu. Nyinyi mna haraka zenu. Ila nina sharti.” Akanyoosha kidole kwenye mashuka yake, maana siku hiyo alikuwa ameshuka na mzigo mzima. “Mabega yangu yamekwisha. Mwenye kubeba neno hilo hakunji mashuka. Mtanikunjia nyinyi.”

Ni lazima nieleze kwamba mashuka kule hayakunjwi ovyo. Watu wawili hushika ncha, huvuta kwa nguvu mpaka kitambaa kinyooke, halafu hukutana katikati, tena na tena, kisha shuka hupitishwa kwenye mashine ya kulibana. Mtu mmoja hawezi. Bibi alikuwa ameteseka nayo peke yake siku nyingi, na sisi tulikuwa tukimwona na kujitia hamnazo.

“Mpaka lini?” msusi akamuuliza.

“Mpaka nilitue.”

Tukakubali. Kila mwenye neno alitakiwa alitumie katika sentensi, na mwalimu akamtungia yake: “Today I am not dying.” Leo sifi. Bibi hakuwa na neno jingine la Kiingereza duniani, na hilo moja alilitafuna wiki mbili kabla halijamkaa mdomoni. Lilipomkaa, hatukupumua. Akishuka kila Jumanne alisimama mlangoni akatangaza, “Tudei ayamu noti dayingi,” halafu akatua furushi la mashuka na kukaa. Tukichelewa kumkunjia alitukumbusha kwamba yeye ndiye aliyembeba mkubwa wao. Alimwambia hivyo muuguzi wa zahanati. Dereva wa basi la Spånga alipomwuliza tiketi alijibiwa hivyohivyo, na nasikia alimwachia apite.

Nilikuwa nacheka, na nilikuwa nimechoka, na sentensi ile ilinitia nguvu kwa namna ambayo sikuitarajia. Mchana wa Jumanne nilishuka ngazi nikijua kwamba angalau mtu mmoja atanitolea taarifa ya kweli kuhusu hali yake.

Baada ya mwaka mpya aliacha kushuka. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu zamani, mimi niliiona na nilimwambia binti yake; sasa pumzi ikawa fupi. Alilazwa, akarudishwa, akalazwa tena. Mwishoni madaktari walisema moyo umechoka na hakuna zaidi la kufanya, naye akasema kama hakuna la kufanya anaweza kulingoja kitandani kwake. Wauguzi wa nyumbani walikuja na mikoba yao. Mimi nilipita asubuhi kabla ya kwenda Hallonbergen, nikampangusa uso, nikachukua mashuka yake. Jumanne tuliyafua, tukayakunja, nikayapandisha ghorofa ya nne. Alipapasa ncha kuona kama zimelingana. Akipata kasoro alisema.

“Bibi, hali gani leo?” niliuliza kila nikiingia, na kila mara alinipa ile sentensi yake. Ilianza kumchukua muda mrefu zaidi.

Asubuhi ya mtihani theluji ilikuwa imekwisha, na gari la kufagia lilikuwa linazoa changarawe waliyoimwaga barabarani wakati wa barafu. Nilipita kwa Bibi kama kawaida. Binti yake alikuwa ameomba ruhusa kazini, yupo jikoni anachemsha maji, macho mekundu. Niliingia chumbani. Magoti yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Pumzi ilikuja, ikasimama, ikaja. Nilimshika mkono nikatafuta mshipa kwa mazoea tu, nikaukuta mwembamba kama uzi.

Niliweka begi langu chini, nikavuta kiti.

Akafumbua macho. “Hilo begi la nini?”

“La kazi, Bibi.”

“Uongo. Leo ni mtihani wako. Mwalimu alipita hapa jana.”

“Mtihani upo mwingine. Nitafanya huo mwingine. Leo nakaa na wewe.”

Alikunja uso. Nilidhani ni maumivu, kumbe ni hasira. Alisema kwa vipande, akipumzika katikati, na sitajaribu kuziandika zile pumzi.

“Nani kakuita? Umenichosha na huo uuguzi wako, kila Jumanne uuguzi, uuguzi. Sasa ukikaa hapa utanifanyia nini, mwana wanje, mwanangu wewe? Hata kidonge hawakuruhusu kunipa.”

Iliniuma. Ilikuwa kweli tupu, na aliisema mbele ya vile vidonge vyenyewe, vikiwa mezani ndani ya kiboksi chao. Yeye alifumba macho, akakusanya nguvu kutoka sijui wapi, akayafumbua tena, akanitazama usoni.

“Today,” akasema. Akangoja. “I am not dying.”

Mwalimu angefurahi, kila herufi ilikuwa mahali pake. Nilimtazama. Nilikuwa nimekaa na watu wa namna ile miaka mingi kuliko umri wa yule muuguzi wa vidonge, na nilijua ninachokiona. Naye alijua kwamba ninajua. Tukabaki hivyo, wawili, kila mmoja na ubishi wake. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitaka kumpigia kelele. Kisha nikaokota begi.

Jikoni nilimwambia binti yake akae karibu, asiende mbali hata dukani. Akaelewa.

Kwenye treni sikupanga sura yoyote. Nilitazama mlango. Ukumbi wa mtihani ulikuwa na meza nyingi zilizotengana, vijana wengi, na mama mmoja mzungu mwenye sauti ya upole aliyetuambia tuzime simu. Nilipofungua karatasi, maneno yalikuja na watu wao bila kuitwa. Palipotakiwa jangwa, wifi yule aliingia na watoto wake na sukari yao. Palipohusu mtu wa kujiona, nilimwona msusi kwenye kioo cha mashine. Neno la Bibi halikutokea popote. Mambo kama hayo hutokea kwenye sinema. Insha ilitaka tueleze mtu tunayemfahamu. Niliandika juu ya mwanamke mzee mgonjwa, na nikafika mahali nikaandika kwamba alikuwa “conscious”, na kwamba alikuwa na hasira. Sikuhitaji kufikiri lipi ni lipi.

Niliporudi lifti ilikuwa juu, nikapanda kwa miguu. Ghorofa ya tatu nilianza kuviona viatu. Kwetu na kwa Waswidi viatu huvuliwa mlangoni, na siku ya kawaida hutosha ndani. Siku ile vilikuwa vimejaa hadi nje, vimeteremka kwenye ngazi: vya kanisani, vya kazini, vile vya kisigino vya msusi. Nilivua vyangu nikaviweka mwisho wa mstari. Sikulia hapo. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliketi kwenye ngazi karibu na viatu vya watu, na mwalimu ndiye aliyetoka kunichukua.

Binti wa Bibi aliniambia ilikuwa kabla ya adhuhuri. Nilimwuliza kama alisema kitu. Akasema hapana, baada ya mimi kuondoka hakusema tena na mtu. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho yalikuwa Kiingereza, lugha aliyokuwa nayo sentensi moja tu, na sentensi yenyewe ilikuwa uongo, na aliisema kwa ajili yangu.

Nilifaulu. Matokeo yalikuja karibu na sikukuu ya kiangazi, wakati jua karibu halizami na watu wote wana furaha ya kulazimishwa. Binti yangu alinikumbatia kwa nguvu, halafu akanikumbusha kwa Kiswidi kwamba alishasema ni rahisi. Nilitegemea nitaruka. Nililala. Nililala alasiri nzima na viatu miguuni, na nilipoamka nilitaka kupanda ghorofa ya nne kumwambia mtu.

Jumanne iliyofuata tulikutana sote chumba cha kufulia, mara ya kwanza tangu msiba. Kiti cha Bibi kilikuwa wazi. Mashuka yangu yalikuwa kwenye kabati la kukaushia. Mwalimu alitaka kuanza kama anavyoanza siku zote, kwa kutuita kwa maneno yetu. Vein. Nipo. Vain. Minaiko. Jangwa na kitamu wakaitika. Aliita “dyeing”, msusi akainua mkono wenye madoa ya rangi. Kisha mwalimu akatazama boksi la sabuni lililokuwa bado limesimama juu ya mashine, maandishi yake yamefifia.

“Hili sasa halina mtu,” akasema. “Tunaweza kuliacha.”

Nilifikiria chuo nitakachoanza vuli, na wodi zitakazofuata, na milango yote nitakayoifungua.

“Lete hapa,” nikasema.

Nilisimama, nikafungua kabati, nikavuta shuka langu likiwa bado la moto. Nilikuwa natafuta ncha zake. Msusi alinitangulia, akazishika za upande mmoja, na wifi mmoja akanipokonya zile za upande wangu. Walirudi nyuma, wakalivuta likanyooka.

“Kaa,” mwalimu akaniambia, akanisogezea kile kiti.

Nikakaa.